Shingo ya Kamba

Habari hii niliipata kwa Clothilde mwenyewe, muke wa Ruphin, mwezi wa tisa mwaka jana. Tulikuwa tumeketi nyuma ya nyumba yake, tunachambua pondu, majani ya muhogo. Aliniambia: "Andika, Koko. Andika vile ilikuwa. Usitie chumvi." Basi sikutia.

Clothilde, Ruphin na binti yao Naomie wanaishi karibu na maporomoko ya Wagenia, pale ambapo muto unapiga kelele usiku na muchana. Ruphin alikuwa muvuvi. Baba yake alikuwa muvuvi, na babu yake pia. Pale maporomokoni kila familia iko na nafasi yake. Wanaume wanasimamisha miti minene katikati ya mawe. Wanaifunga kwa kamba za pori. Chini wananing'iniza mitego mikubwa kama nyumba ya kuku. Asubuhi na jioni muvuvi anapanda juu ya miti ile, maji yananguruma chini ya nyayo zake, anavuta mutego. Akiteleza, basi.

Familia ambayo haina mwanaume wa kupanda haikai na nafasi. Wazee wanaipa ndugu mwingine. Ni vile tangu zamani.

Kamba za pori ni nzito. Wanazikata mbali, wanazibeba begani mpaka mutoni. Na watu wa nyumba ya Ruphin walikuwa na jambo la kujivunia. Shingo zao zilikuwa nyeusi nyuma na pembeni, nyeusi kupita ngozi nyingine. Ngozi yenyewe ilikuwa nene, yenye mikunjo, laini kama kitambaa cha velours. Wao waliiita shingo ya kamba. Baba yao alikuwa nayo. Patrice, kaka mukubwa wa Ruphin, alikuwa nayo. Ruphin alikuwa nayo. Wakinywa pombe ya masanga walionyeshana shingo na kusema: "Angalia kazi!"

Baba yao alikufa kipofu. Patrice alikufa kwa muguu. Alijikata kwenye jiwe, hakusikia maumivu, akaendelea kupanda kwenye miti. Walipoona, kidonda kilikuwa kimeoza. Walikata chini ya goti. Halafu wakakata juu ya goti. Wiki ya tatu walimuzika. Ruphin alikuwa amemununulia fimbo mbili za kutembelea. Patrice hakuzitumia hata siku moja. Zilibaki nyuma ya mulango wa Ruphin.

Daktari alisema ni ugonjwa wa sukari. Katika matanga watu walisema mengine. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Mwaka ukapita. Ruphin mwenyewe alikuwa na tension, shinikizo la damu, tangu miaka sita. Magoti yalimuuma. Kila jumamosi Mama Ursule, infirmière, yaani muuguzi wa kituo cha afya, jirani yao, alikuja kumupima. Jumamosi moja, mwezi wa kwanza, alikuta kelele uani.

Naomie alikuwa na miaka kumi na nane. Alikuwa anajifunza couture, kazi ya kushona. Siku hiyo aliinama juu ya beseni, na mama yake alikuwa anamusugua shingo kwa muchanga na ndimu.

"Mama, inauma!"

"Iume! Sugua! Batu banasema sikukufundisha kuoga. Kule kwa couture banakuita nani?"

Naomie alifuta muchanga machoni.

"Sema, Mama Ursule asikie."

"Banani-ita Chini-ya-Sufuria," Naomie alisema, uso ndani ya beseni.

Mama Ursule aliweka mukoba wake chini. Shingo ya mutoto ilikuwa nyeusi, na mahali pengine damu ilianza kutoka. Alichukua pamba, akaiweka dawa ya kusafisha, akafuta polepole. Halafu akaonyesha pamba.

"Mama Naomie, angalia. Iko rangi gani?"

"Mweupe."

"Na damu kidogo. Uchafu iko wapi?"

Clothilde aliweka ndimu chini. Ruphin, aliyekuwa ameketi mulangoni, alicheka kwa sauti.

"Nilikuambia, Mama Naomie! Ile ni shingo ya kamba. Mutoto iko wangu kabisa, hata hakimu hawezi kukataa."

Mama Ursule alimugeukia.

"Papa Ruphin, Naomie alibebaka kamba siku gani?"

Kicheko kilikatika.

"Hakuna siku," Ruphin alisema. "Mwanamuke habebe kamba ya miti."

"Na wewe, unabebaka kwa bega gani?"

"Ya kuume."

"Juu ya nini weusi iko pande zote mbili? Inua mukono." Ruphin aliinua. Kwapa lake lilikuwa jeusi vilevile, lenye mikunjo ileile. "Kamba inapitaka huku pia?"

"Ni damu ya nyumba yetu," Ruphin alisema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

"Ndugu yako Rolly anabeba kamba kila mwaka. Shingo yake iko namna gani?"

"Iko kama ya batu bote. Lakini Rolly ni muvivu, anabeba kidogo."

Hata Naomie alicheka. Mama Ursule hakucheka. Alivuta kiti.

"Sikieni. Fufu ya muhogo, lituma ya ndizi, muchele, sucré ya chupa, vyote vikiingia tumboni vinageuka sukari. Sukari inatembea ndani ya damu. Inataka kuingia ndani ya nyama ya mwili, mwili ipate nguvu. Lakini haiingie yenyewe. Iko kitu inaibishia hodi. Jina yake insulini. Inatoka kwa kiungo kimoja nyuma ya tumbo, pancréas. Insulini inabisha, nyama inafungua, sukari inaingia."

"Bon," Clothilde alisema.

"Kwa batu bengine nyama inakuwa kiziwi. Insulini inabisha, nyama haifungue. Alors pancréas inatuma insulini ingine, na ingine, mpaka inakuwa mingi sana. Mulango inafunguka kwa shida. Mutu haone kitu. Anafanya kazi, anakula, anacheka. Lakini ile insulini mingi njo inafanya ngozi ya shingo na ya kwapa ikuwe nzito na nyeusi. Na siku pancréas inachoka, sukari inabaki ndani ya damu. Sasa ni ugonjwa ya sukari. Inakula macho. Inakula figo. Inaua maumivu kwa miguu."

"Inaua maumivu?" Ruphin alishika magoti yake. "Donc ni kitu muzuri. Ikuye haraka."

"Na Patrice, alisikia maumivu?"

Ruphin aliachilia magoti yake.

"Si kila shingo nyeusi ni hii," Mama Ursule aliendelea. "Na iko batu beko na hii lakini shingo yabo iko sawa. Njo maana tunapima, hatuangalie tu. Lakini wewe, Papa Ruphin, uko na tension, uko na tumbo, baba yako alikufa kipofu, kaka yako muguu. Tension na hii vinatembea pamoja. Mutu wa tension njo anapaswa kupimwa mbele ya bengine."

Ruphin alisimama.

"Mama Ursule, niko na tension. Niko na magoti. Kila asubuhi kidonge. Sasa unataka kuniongezea ya tatu? Nikipimwa, mutanipata nayo. Na mukinipata, Rolly anapanda kwa miti yangu. Mutu mugonjwa habaki kwa miti. Ile nafasi ni ya babu yangu."

"Usipopimwa, ugonjwa haitoke. Unakuwa tu haujui."

"Nakuwa sijui, lakini napanda."

Alichukua kofia yake akaenda mutoni.

Mama Ursule alibaki na mama na binti. Clothilde aliuliza kwa sauti ya chini: "Na mutoto? Yeye pia iko kiziwi ya mwili?"

"Naomie, miezi yako inakuya vizuri?" Mama Ursule aliuliza.

Naomie aliangalia chini. "Hapana. Inapita miezi tatu, ine, bila kitu. Niliogopa kusema. Mungefikiri niko na mimba."

"Ile pia inaweza kutoka kwa hii. Kesho, siku ya mungu, jioni ukule mapema. Baada ya pale, hakuna kitu tena mpaka jumatatu asubuhi, tukupime hospitali. Chai hapana. Muwa hapana. Bonbon, ile pipi, hapana. Maji tu. Batu bengi banakunywa chai ya sukari, halafu banasema sikukula. Chai ya sukari inaharibu kipimo."

Jumamosi ileile jioni Ruphin alirudi na samaki wawili. Aliketi kwenye kiti chake. Clothilde alikuwa anawasha mbabula, jiko la makaa. Alipogeuka, aliona sakafu. Kulikuwa na alama za damu juu ya simenti. Alama moja, halafu nafasi, halafu alama nyingine. Zilitoka mulangoni mpaka kwenye kiti.

"Papa Naomie, umekanyaga nini?"

"Hakuna kitu."

"Inua muguu ya kushoto."

"Niko nachoka, Mama Naomie."

"Inua."

Aliinua. Kipande cha muti wa mutego, kirefu kama kidole, kilikuwa kimeingia chini ya vidole vyake. Na pembeni yake kulikuwa na kidonda kingine, cha zamani, kinanuka. Clothilde alishika kile kipande, akakivuta. Kilitoka polepole, na damu nyeusi nyuma yake.

Alimwangalia mume wake usoni. Ruphin alikuwa anaangalia mbabula.

"Umesikia?" Clothilde aliuliza.

"Nini?"

"Nimekitoa."

Ruphin aliangalia kile kipande mukononi mwa muke wake. Halafu aliangalia nyuma ya mulango, mahali fimbo za Patrice zilipokuwa. Samaki walikuwa bado ndani ya kikapu na hakuna aliyewapasua.

"Patrice naye alisema hakuna kitu," alisema. "Nilikuwa naye. Nilimucheka, nikamuambia uko mwanaume."

Naomie alisafisha kidonda kwa maji na sabuni, akakifunga kwa kitambaa safi. Siku ya mungu Ruphin hakupanda kwenye miti. Alimutuma mutu kwa Rolly amuvutie mitego. Jioni alikula mapema pamoja na binti yake. Aliuliza Mama Ursule kitu kimoja tu: kidonge cha tension, akiache asubuhi?

"Usiiache," alijibu. "Kunywa na maji kidogo. Na dawa zote unakunywaka, leta nazo kwa mukoba, daktari azione."

Jumatatu asubuhi walipanda toleka tatu, baiskeli za kubeba watu, mpaka hospitali, upande wa Makiso, katikati ya mji. Mama Ursule alikuwa amewatangulia. Kwanza waliwapima tension na kilo. Halafu infirmière wa pale alitafuta mita ya kupima tumbo, hakuipata. Naomie akatoa mita yake ya couture. Alimupima baba yake mwenyewe, juu ya kitovu, na hewa ikiwa imetoka.

"Santimita mia moja na nane," alisema. Na akaongeza: "Nilijua. Kila Noeli ninaongeza kitambaa kwa suruali ya papa."

"Na wewe?" Ruphin alimuuliza.

"Makumi tisa na sita."

Walitoa damu kwa mukono. Naomie alipewa glasi ya maji yenye sukari nyingi, akanywa yote. Waliambiwa aketi muda wa saa mbili, asile, asitembee. Baadaye watatoa damu tena, waone kama mwili unajua kuipokea sukari ile. Ruphin hakupewa glasi. Sukari yake ya asubuhi, na njaa, yaani bila kula, ilikuwa imeshasema yote.

Wakiwa kwenye benchi, Clothilde aliuliza: "Lakini insulini yenyewe, hawaipime?"

"Iko kipimo yake," Mama Ursule alisema. "Hapa ni shida kuipata, damu inatumwa mbali. Lakini kuanza haituombe ile. Sukari na njaa, sukari baada ya saa mbili, mita ya tumbo, tension, shingo, habari ya bazazi. Ukivitia pamoja, vinaonyesha."

Daktari aliwaita mumoja mumoja, lakini Ruphin alisema: "Tuko watu wa nyumba moja, utuambie pamoja."

Daktari alisema hivi. Asubuhi na njaa, sukari ya mutu muzima inapaswa kuwa chini ya mia moja. Kuanzia mia moja na makumi mbili na sita, ni ugonjwa. Katikati ni hatari. Naomie alikuwa na mia moja na nane. Baada ya glasi alikuwa na mia moja makumi sita na tatu, wakati haikupaswa kufika mia moja na makumi ine. "Mwili wake umeanza kuwa kiziwi kwa insulini," daktari alisema. "Bado si ugonjwa wa sukari. Tumefika kwa wakati."

"Na mimi?" Ruphin aliuliza.

"Mia mbili na kumi na ine. Tutarudilia kesho ili tuwe na hakika. Lakini nionyeshe muguu."

Walifungua kitambaa. Daktari aligusa vidole kwa uzi mugumu wa nylon. "Unasikia? Na hapa? Na hapa?" Ruphin alijibu hapana, hapana, hapana. Clothilde aliniambia alihesabu hapana saba.

Kipimo cha pili kilisema vilevile. Kidonda cha zamani kilikuwa kimefika mufupa. Siku ya alhamisi walimukata vidole viwili.

Alipoamka, neno lake la kwanza lilikuwa: "Goti?"

"Goti inabaki," Clothilde alisema.

Ruphin alilia kama mutoto. Kwa mazishi ya Patrice hakulia.

Alikaa hospitali wiki tano. Aliporudi, alitembea kwa fimbo za Patrice. Rolly alikuja kumusalimia pamoja na wazee wawili. Walikaa, wakanywa maji. Ruphin alianza mwenyewe.

"Muguu yangu haisikie tena muti," alisema. "Nikipanda nitawaua banaume babili, mimi na ule atakayeruka kunitafuta. Rolly apande."

"Yaya Ruphin, kaka yangu," Rolly alisema, "nitakuletea samaki yako kila siku."

Analeta siku akikumbuka. Nafasi ya babu sasa inaitwa ya Rolly. Clothilde aliniambia: "Koko, andika na ile. Batu basifikiri kupimwa kunarudisha kila kitu. Kama tungepima wakati Patrice alikufa, vidole vingekuwa hapa, na miti ingekuwa yetu."

Basi, yaliyobadilika ni haya. Fufu ya Ruphin ilikuwa kama kichwa cha mutoto; sasa ni kama ngumi. Mara ya kwanza aliizunguka kwa macho na kusema: "Mama Naomie, hii ni fufu ama ni kidonge ingine?" Lakini pondu na samaki ni vingi, na mafuta ni kidogo. Sucré haiingie tena ndani ya nyumba, hata siku ya ubatizo. Chai wanakunywa bila sukari, na nyuso zao zinakunjamana. Ruphin anakunywa dawa ya sukari pamoja na ile ya tension, na kila mwezi anapimwa. Hatembei peku hata ndani ya nyumba. Anasuka mitego uani, amevaa viatu, na wavuvi wengine wanakuja kuichukua.

Naomie hakupewa dawa. Daktari alimuambia atembee, apunguze tumbo, na arudi baada ya miezi sita. Aliacha toleka. Anaenda kwa couture kwa miguu na kurudi kwa miguu, hata jua likiwa kali. Mara ya kwanza wenzake walipomuita Chini-ya-Sufuria, aliwaambia: "Ni insulini. Leteni shingo zenu niangalie." Mumoja wao, Malika, alibaki nyuma ya wengine, akafungua kola yake. Jumatatu iliyofuata walienda pamoja kwa Mama Ursule.

Mwezi wa saba Naomie alirudi kupimwa. Makumi tisa na sita na njaa. Mia moja makumi tatu na moja baada ya glasi. Tumbo makumi nane na nane. Miezi yake inakuja. Shingo bado iko nyeusi kidogo, lakini ngozi imeanza kulainika, na hakuna mutu anayeisugua tena. Kipimo atarudilia kila mwaka, kwa sababu mwili uliokuwa kiziwi unaweza kurudia uziwi.

Siku ile tuliyochambua pondu, nilibaki kwao mpaka giza likaanza kuingia. Nikaona vile wanavyofanya kila siku kabla ya kulala, na mwisho wake Clothilde alinisimulia kesho yake.

Ruphin aliketi kwenye kiti chake. Clothilde alileta maji ya vuguvugu, si ya moto. Alipima maji kwa mukono wake mwenyewe, kwa sababu muguu wa Ruphin haujui tena moto. Aliosha muguu wa kuume, halafu ule wenye vidole vitatu. Alikausha katikati ya kila kidole. Naomie alishika simu, akamulika nyayo. Waliangalia kisigino, pembeni, chini ya vidole.

"Hakuna kitu," Naomie alisema.

"Angalia tena," Ruphin alisema. "Hakuna kitu ni neno letu la zamani."

Naomie aliangalia tena. Hakukuwa na kitu. Akaenda kulala, kwa sababu kesho ni safari ya miguu.

Ruphin alilala chali, macho wazi.

"Maji imepanda," alisema.

"Imepanda," Clothilde alijibu.

"Rolly alirudilia kufunga muti wa tatu? Kamba yake ilikuwa imezeeka."

"Sijui, Papa Naomie."

"Mutu amuambie."

"Kesho nitamuambia."

Alisikiliza muto muda kidogo tena, kisha akalala. Clothilde alimwaga maji ya kunawa nje. Aliweka viatu viwili vya mume wake karibu na kitanda, vimegeukia mbele, ili akiamka asikanyage chini. Fimbo za Patrice alizirudisha nyuma ya mulango. Halafu alifunga mulango, akajilaza pembeni ya Ruphin, mukono mumoja juu ya muguu ule, na naye akalala.